Kuhamisha familia kutoka Mombasa hadi shamba: anza na maji, malizia na lori

Kosa kubwa la kuhama ni kuanza na lori. Vyombo hupakiwa, watoto wakapandishwa, na wakifika Kinango au Kaloleni mama mwenye nyumba anakuta maji yako kilomita mbili na choo hakijachimbwa. Maji na nauli ndivyo virudishavyo watu mjini kabla mwaka haujaisha. Kwa sababu hiyo mpango ulio hapa unaanzia majini, na familia yenyewe inasogea mwisho kabisa.

Hesabu kutoka Januari ukirudi nyuma

Mwezi mzuri wa kuhama ni Desemba. Shule zimefungwa na watoto wataanza mwaka mpya Januari pamoja na wenzao. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba zitakuwa zimejaza tangi, barabara za udongo zimeanza kukauka, na umebakiwa na miezi mitatu ya kusafisha shamba kabla ya masika. Hii ina maana kwamba paa, gata na tangi viwe tayari mwisho wa Septemba, na ujenzi uanze Juni au Julai masika yakishapungua. Atakayeweka tangi Desemba atakaa kiangazi chote akinunua maji ya punda na boda.

Mahali penyewe pakaguliwe mara mbili: Mei, mvua ikiwa kali, na mwisho wa Februari, kaskazi ikiwa imekausha kila kitu. Mei itakuonyesha kama gari linafika mlangoni au linazama kwenye udongo wa kunata. Februari itakuonyesha maji ya kweli. Nenda kisimani au kwenye silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, saa kumi na mbili asubuhi, hesabu mitungi iliyo kwenye foleni, uulize kina mama wanachota wapi ikikauka. Jibu lao lina uzito kuliko la dalali. Kaa hadi usiku pia. Jaribu simu katika kila pembe ya nyumba kwa laini mbili tofauti, na uulize mgonjwa hupelekwaje hospitali saa nane za usiku, kwa chombo gani na kwa pesa ngapi.

Ardhi: kodi kwanza ukiweza

Kama huna shamba la ukoo, kukodi nyumba mwaka mmodi kabla ya kununua ni pesa iliyotumika vizuri. Utakuwa umeona misimu yote na umewajua majirani.

Ukinunua, mambo manne hayarukwi. Kwanza, upekuzi rasmi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ya kaunti, ujue jina lililo kwenye hati na kama kuna mkopo au zuio. Pili, mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka, shambani akiwa na ramani, majirani wakiwapo. Tatu, idhini ya bodi ya ardhi: kwa ardhi ya kilimo, ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa saini, na mauzo yasiyopata idhini hayana nguvu kisheria hata kama pesa zote zimelipwa. Nne, ridhaa ya mume au mke wa muuzaji, iliyoandikwa. Weka kando pia ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani.

Pwani kuna mambo ambayo wakili wa mbali anaweza kuyasahau. Sehemu nyingi za Kilifi na Kwale bado hazijapimwa wala kutolewa hati, na karatasi yenye muhuri wa chifu haigeuki kuwa hati kwa kupita miaka. Minazi na miembe inaweza kuwa ya mtu mwingine, au imewekwa rehani, ingawa ardhi ni ya anayekuuzia. Uliza mti kwa mti na uandike kwenye mkataba. Uliza kuhusu makaburi, na njia ya watu kwenda kisimani. Na kwa waliozoea mtindo wa Mombasa wa kumiliki nyumba bila ardhi, tafadhali msiuhamishie shamba.

Ukirudi kwenye shamba la babu, angalia hati iko kwa jina la nani. Ikiwa mwenye jina alishafariki, mirathi ifunguliwe kwanza. Wazee wakuonyeshe pa kujenga mbele ya ndugu wote, iandikwe, kila mmoja atie saini. Ugomvi wa mpaka hauishi nyumba ikishasimama.

Maji

Hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mabati la mita 6 kwa 9 ni mita za mraba 54. Toa asilimia 20 inayopotea kwa kumwagika na kukauka, unabaki na lita 43 hivi kwa kila milimita. Mvua ya milimita 200 itakupa zaidi ya lita 8,600.

Sasa matumizi. Watu 6 wakitumia mtungi mmoja wa lita 20 kila mtu ni lita 120 kwa siku, yaani lita 3,600 kwa mwezi. Kiangazi cha Januari hadi Machi ni siku 90, kwa hiyo lita 10,800. Tangi za jumla ya lita 10,000 zilizojaa Desemba zitakuvusha karibu kipindi chote, ukizilinda. Nunua mbili za lita 5,000 badala ya moja kubwa: moja ikipasuka au akizama panya, ya pili ipo. Ukanda ulio karibu na bahari hupata mvua nyingi kuliko Kinango, Samburu ya Kwale au Ganze, kwa hiyo wa huko ndani waongeze tangi.

Paa la makuti ni baridi na zuri, lakini halikupi maji ya kunywa. Ukitaka makuti nyumbani, ezeka jikoni na ghalani kwa mabati, uvune maji huko.

Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Lijengewe msingi wa mawe ya kuchonga, ndani ujazwe kifusi kilichoshindiliwa, juu zege iliyosawazishwa, kimo cha sentimita 60 ili mtungi uingie chini ya bomba. Tangi la plastiki likikalia kokoto au mbao zilizoachana hupasuka chini, na ufa wa chini hauzibiki vizuri. Gata ziinamie upande wa tangi sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo maji yatasimama na mbu watazaliana. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na mavi ya ndege, basi weka kipande cha bomba chenye kizibo kabla ya tangi na umwage lita 25 za mwanzo. Mdomo wa tangi uwe na wavu, na mwanga usiingie ndani, kwani mwanga huotesha ukoga. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilicho kwenye chupa.

Kisima karibu na ufuo kina mtihani wake: maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na ukizidi kuchimba au ukivuta kwa pampu kubwa unapandisha chumvi. Onja visima vya jirani mwezi wa Februari kabla hujamlipa mchimbaji.

Choo

Kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Shimo la mita 1 kwa 1.2 lenye kina cha mita 3.5 huwatosha watu 6 kwa miaka 10 hivi, ukiacha nusu mita ya juu bila kujaa. Sakafu ya shimo ibaki mita 2 juu ya maji ya ardhini. Kwenye mchanga, kama Msambweni au Malindi, jengea kuta za shimo kwa mawe hadi chini, maana masika yataliporomosha. Kwenye mwamba usioingia sururu, inua choo juu kwa ukuta badala ya kuhangaika. Bomba la hewa lipite juu ya paa, lifungwe wavu wa chuma kisichoshika kutu.

Umeme

Kama nguzo za stima ziko mbali, piga hesabu ya sola kabla ya kwenda dukani. Taa 5 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 175. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu nne ni 40 hivi. Jumla 375. Paneli ya wati 100 kwa saa 5 za jua kali, ukitoa hasara, hutoa 350, nayo haitoshi. Chukua ya wati 150. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukipita nusu yake kila usiku utaiua mapema. Friji na pasi usizitie kwenye hesabu hii.

Watoto na afya

Mtoto aliyesajiliwa kwa mtihani wa taifa, awe gredi ya 6, ya 9 au kidato cha nne, asihamishwe katikati ya mwaka. Wengine wanahitaji barua ya kuhama kutoka kwa mwalimu mkuu, cheti cha kuzaliwa na ripoti za mihula, na shule ya zamani iachilie kumbukumbu zake kwenye mfumo wa wizara ili shule mpya imsajili. Hili la mwisho husahauliwa sana, kisha mtoto anakaa darasani bila kuwa mwanafunzi wa shule hiyo kwenye mfumo. Tembea njia ya shule pamoja na mtoto asubuhi, upime muda. Uliza pia madrasa iko wapi na inasomesha siku zipi.

Malaria mashambani Kwale na Kilifi ni nzito kuliko kisiwani, na watoto waliolelewa mjini hawajaizoea. Chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Wasiogelee kwenye silanga wala mito ya pole, kuna kichocho. Fyeka nyasi mita 5 kuzunguka nyumba, kuni zikae juu ya uchaga mbali na mlango, na tochi itumike kwenda choo usiku. Mtu akiumwa na nyoka avuliwe pete na bangili, kiungo kifungwe na kijiti kisitikisike, apelekwe hospitali. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba ya kukaza huongeza madhara. Wenye sukari na presha wahame na dawa za miezi miwili. Hakikisha wote wamesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali.

Nauli

Baba au mama akibaki na kazi bandarini au hotelini, hesabu iandikwe wazi. Tuseme nauli ni shilingi 150 kwenda: siku 22 za kazi, kwenda na kurudi, ni 6,600, bila boda ya kutoka barabarani hadi nyumbani. Kiasi hicho kikikaribia kodi ya chumba mjini, ni heri abaki na chumba aje wikendi, kuliko kuamka saa tisa usiku kila siku hadi achoke na shamba lenyewe.

Shamba la mwaka wa kwanza

Lima nusu eka tu. Mahindi ya nusu eka yanataka kilo 5 za mbegu, nafasi ya sentimita 75 kwa 30. Chagua mbegu za pwani kama PH1 au PH4, kwani za nyanda za juu hazifai joto hili. Panda mwisho wa Machi, mvua ikinukia. Kagua moyo wa mmea mara mbili kwa wiki kwa wiki sita za kwanza, viwavijeshi huanzia hapo. Pembeni weka muhogo, mita 1 kwa 1, na kunde au pojo katikati ya mistari. Karibu na Shimba Hills uliza kwanza kuhusu ndovu, nyani na nguruwe mwitu.

Usitegemee shamba kulisha nyumba mwaka huo. Mtu mzima hula karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka, na mgeni wa jembe havuni hivyo. Weka kando pesa ya unga ya miezi 6. Utakachovuna kikauke vizuri: tia punje kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi na yataota sumukuvu. Dumuzi, mdudu anayetoboa punje ghalani, anazuiliwa na magunia yasiyopitisha hewa.

Majirani, kisha lori

Wiki mbili kabla ya kuhama nenda kwa mzee wa kijiji, kisha kwa naibu wa chifu, ujitambulishe na uache namba ya simu. Bisha hodi nyumba zote zinazopakana nawe. Penye matanga nenda, hata kama humjui marehemu.

Kwa upande wa kusini, dereva akupe bei mbili: kupitia feri ya Likoni na kupitia barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri. Mwonyeshe pia kilomita ya mwisho, kwa picha. Mtu mzima mmoja atangulie siku mbili kufagia, kujaza mitungi na kukagua kufuli. Kabati na vitanda vipakiwe kwanza. Magodoro, vyandarua, jiko, sufuria, tochi na unga vipakiwe mwisho ili vishuke kwanza. Toka Mombasa alfajiri, ufike kabla ya adhuhuri, na vyandarua viwe vimefungwa kabla ya magharibi.