Sisti ya ovari ikipasuka: anza na mkojo, halafu kaa na mapigo

Wiki iliyopita tuliletewa dada mmoja kwa bajaji kutoka mashamba ya mwani, upande wa Pangani. Alikuwa anajitwisha gunia la mwani mbichi, mara tumbo la chini kulia likamchoma kama kisu. Wifi yake alishamnywesha mizizi ya chango. Tabibu mwenzangu mgeni akaniuliza tuanzie wapi tukishuku sisti, yaani kifuko cha majimaji kwenye ovari, imepasuka. Nikamwambia nitamwandikia.

Hatua ya 1. Kipimo cha mimba cha mkojo, hata akisema yuko kwenye siku zake. Ndugu wote watoke kwanza. Hakuna binti atakayekujibu ukweli mbele ya mama mkwe. Kikiwa chanya, ichukulie ni mimba ya nje ya kizazi mpaka ithibitike vingine, na anza kutafuta gari.

Hatua ya 2. Maelezo yake. Sisti iliyopasuka huuma ghafla, upande mmoja, mara nyingi kulia, baada ya kubeba mzigo au tendo la ndoa, na zaidi katika wiki mbili kabla ya hedhi. Kidole tumbo huanza taratibu kitovuni ndipo kihamie kulia. Maumivu ya kuja na kuondoka pamoja na kutapika sana hunifanya niwaze ovari iliyojisokota, na hiyo haisubiri kesho. Uliza kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Uliza na bega: damu ikifika chini ya mbavu, bega huuma.

Hatua ya 3. Anavuja damu au havuji? Hapa ndipo niliwahi kuumbuka. Zamu ya usiku, nilipima wingi wa damu (himoglobini) nikapata 11.8, nikaandika "hali nzuri" kwenye faili, nikaenda leba. Saa tisa usiku muuguzi kaniita: midomo myeupe, jasho la baridi, binti anaongea ovyo. Saa nne zilikuwa zimepotea.

Chukua sufuria ya tui zito, mwaga nusu. Lililobaki lina uzito uleule, mpaka utie maji. Damu ni hivyohivyo: anayevuja hupoteza chembe na maji yake kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha kwanza kinaweza kuwa kizuri kabisa. Rudia baada ya saa 4 hadi 6, na mapema zaidi akibadilika. Presha nayo isikupumbaze. Msichana mwenye afya anaweza kupoteza karibu lita moja na presha yake ya kulala isitetereke. Mapigo ndiyo hupanda mapema, na mimi nayahesabu kwa vidole na saa ya mshale, dakika nzima, kila baada ya dakika 15 kwa saa ya kwanza. Kile kidude cha kubana kidole sikipendi; kidole kikiwa cha baridi kinababaika. Ila wapo wachache ambao mapigo hayapandi hata tumbo likijaa damu, kwa hiyo funua kope, tazama viganja, pima mkojo anaotoa.

Hatua ya 4. Ultrasaundi. Kibofu kijae, lakini usimnyweshe maji mtu anayeweza kuishia tiathea, chumba cha upasuaji. Kijaze kwa katheta, mpira wa mkojo. Sisti yenyewe huenda usiione, imeshanywea. Tafuta majimaji nyuma ya kizazi, kisha panda juu, kati ya ini na figo. Yakiwa huko, ni mengi.

Hatua ya 5. Akiwa imara: parasetamo gramu 1 kila baada ya saa 6, apumzike, arudi mbio akihisi kizunguzungu, ultrasaundi tena baada ya wiki 6 hadi 8. Antibayotiki za nini kama hakuna maambukizi? Vidonge vya majira huzuia sisti mpya, haviyeyushi iliyopo. Akiyumba: kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, dripu, kundi la damu, simu Bombo, hospitali ya mkoa kule Tanga, na ndugu wa kuchangia damu wapande gari hilohilo. Mpasuaji huondoa sisti na kuiacha ovari inapowezekana.

Dada wa mwani alianza na wingi wa damu 11.2, baadaye 10.9, mapigo 84. Asubuhi aliomba chai. Gunia, kaniahidi, atabeba wifi.