Somo: Kuendesha darasa la kusoma la Jumamosi katika shule ya msingi

Somo hili ni kwa matawi ya umoja wetu yanayotaka kuacha kugawa madaftari mara moja kwa mwaka na kuanza kukaa na watoto. Tunazungumzia shule za msingi za serikali za Tanzania, watoto wa darasa la pili hadi la nne ambao bado hawajamudu kusoma Kiswahili. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) umekuwepo kwa darasa la kwanza na la pili tangu 2015, na walimu wanaujua. Tatizo ni kwamba mwalimu mwenye watoto 90 chumbani hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akisoma. Kumsikiliza mtoto mmoja mmoja ndiyo kazi yetu. Hatujaja kuanzisha darasa jingine juu ya darasa la mwalimu.

Hatua ya 1: Ruhusa, siku na ulinzi wa watoto

Anzeni kwa kuonana na mwalimu mkuu ana kwa ana, barua ifuate. Ukitanguliza barua ya halmashauri kabla ya kumwona, ataipokea kama amri. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu Msingi, nakala kwa Afisa Elimu Kata na mwalimu mkuu. Itaje siku, saa, madarasa, idadi ya watoto, chumba kitakachotumika, na majina kamili ya watakaokuja pamoja na namba zao za NIDA. Ombeni pia dakika kumi katika kikao cha wazazi.

Siku msijichagulie. Jumamosi asubuhi watoto wa Kiislamu wengi wako madrasa, na kwa familia za Kisabato Jumamosi ni siku ya ibada. Ulizeni kwanza, pengine Jumatano baada ya masomo, saa 8:30 mchana, itawafaa wengi zaidi. Kwenye vijiji vya kilimo, epukeni kuanza wakati wa palizi au mavuno. Mtoto aliyekosa wiki tatu za mwanzo hubaki nyuma ya kikundi chake hadi mwisho.

Kanuni za ulinzi hazina mjadala. Hakuna mwanachama anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Kila chumba kiwe na watu wazima wawili au zaidi, na mlango uwe wazi. Picha za sura za watoto haziwekwi kwenye grupu la WhatsApp wala kwenye status ya mtu. Mtoto akieleza jambo la kudhuriwa, msikilize bila kumhoji, mwambie mratibu siku hiyo hiyo, naye awasiliane na ustawi wa jamii au apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Hatua ya 2: Kupima kila mtoto kabla ya kumfundisha

Hapa ndipo matawi mengi huharibu. Wanagawa watoto kwa madarasa yao, la pili huku, la nne kule. Matokeo yake, katika kikundi kimoja kuna anayesoma hadithi na asiyejua silabi "ki", na wote wawili wanapoteza muda. Gawa kwa kile mtoto anachoweza kusoma leo, hata kama wa darasa la nne ataketi na wa darasa la pili.

Kipimo ni karatasi moja yenye sehemu tatu, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kuachiwa nafasi:

Silabi: ma, ki, tu, le, bo, sa, nyu, cho, mba, ng'o.

Maneno: taa, kiti, meza, kuku, kalamu, shule, mkate, ndizi, nyumba, ng'ombe.

Aya: Kuku wa bibi ametaga. Mayai ni sita. Paka anayatazama. Bibi amemfukuza paka.

Keti kando ya mtoto, si mbele yake kama mtahini, mbali na wenzake wasisikie. Anza na maneno. Akisoma 8 kati ya 10, mpe aya. Akisoma machache, mshushe kwenye silabi. Baada ya aya, funika karatasi na uulize: "Kwa nini bibi alimfukuza paka?" Jibu halimo kwenye sentensi yoyote, inabidi alitoe kichwani mwake. Mtoto mmoja huchukua dakika 5 hadi 7, kwa hiyo wapimaji 6 humaliza watoto 30 ndani ya saa moja.

Mtapata ngazi nne: asiyefikisha silabi 8, msoma silabi, msoma maneno, na msoma aya. Vikundi vipeni majina ya mito: Ruvu, Pangani, Rufiji, Kagera. Msiviite A, B, C, kwa kuwa mtoto anajua C maana yake nini.

Hatua ya 3: Vifaa

Kadi za silabi ndizo moyo wa kazi. Karatasi ya manila ya ukubwa wa A1 ukiikata kadi za sm 8 kwa sm 10 inatoa kadi 56. Seti ya kwanza ina kadi 25: irabu tano, na silabi za m, k, t na l (ma, me, mi, mo, mu na kuendelea). Kwa hiyo manila moja hutoa seti mbili na kadi sita za akiba. Kwa kadi hizo 25 tu mtoto anaunda taa, kiti, tatu, meli, mate, lima, maua na kalamu. Neno "kalamu" lina silabi tatu, na mtoto akiliunda mwenyewe mezani kwa mara ya kwanza utaona anavyokaa wima. Seti ya pili ongezeni b, n, s, p na d, kisha w, y na h, mwisho ch, sh, ny, mb, nd, ng na ng'.

Andikeni "a" kama inavyochapwa vitabuni, yenye kikofia juu, upande mmoja wa kadi, na "a" ya mkono upande wa pili. Mtoto aliyezoea ya ubaoni peke yake hufungua kitabu akadhani ni herufi nyingine.

Vitabu: majina 40 ya hadithi fupi za Kiswahili, nakala mbili mbili, ili wawili wasome kimoja bila kugombania. Kazi za African Storybook na StoryWeaver, tovuti za hadithi za watoto, zina leseni huria, mnaweza kuzichapa na kuzibana kwa pini. Pitieni kwanza Kiswahili chake, maana baadhi ya tafsiri ni nzito kuliko umri wa mtoto. Funikeni kwa nailoni. Vitundikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo wakati wa kipindi, na baadaye vihifadhiwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali. Sanduku la mbao chini sakafuni ni chakula cha mchwa.

Mengineyo: penseli 40 (si kalamu za wino), vichongeo 6, chaki, vibao vidogo 30, na kauntabuku moja ya mahudhurio na ya kuazima vitabu. Uji ukiwepo, watoto 30 kwa kikombe cha mililita 300 wanahitaji lita 9: unga kilo 1 na sukari nusu kilo vinatosha. Msiweke karanga kabla ya kuwauliza wazazi.

Hatua ya 4: Kipindi cha dakika 90

Dakika 10 za mwanzo ni kuimba na kupiga makofi kwa silabi: ka-la-mu, makofi matatu. Dakika 15 za kadi. Dakika 20 za kuunda na kusoma maneno. Dakika 20 za kusoma wawili wawili huku msimamizi akizunguka na kumsikiliza kila mtoto walau dakika mbili, akiandika neno lililomkwamisha. Dakika 10 za imla kwenye vibao. Dakika 15 za mwisho mtu mzima anawasomea hadithi nzuri kwa sauti, na hizi zisikatwe hata mkichelewa, kwa sababu ndizo zinazomrudisha mtoto wiki ijayo.

Msimamizi mmoja kwa watoto watano. Watoto 30 wanahitaji wasimamizi 6 kila kipindi, hivyo orodha ya zamu iwe na watu 10 hadi 12. Orodha nzima ikiwa na watu sita tu, chukueni watoto 18. Mwanachama akikosa bila taarifa, watoto wake watano wanakaa wanaangalia mlango.

Hatua ya 5: Makosa ya wanaofundisha

Wengi wetu tulifundishwa "a, be, che, de". Ukimwambia mtoto "be" na "a", ana haki ya kusoma "bea". Fundisha sauti, si jina la herufi, na uende haraka kwenye silabi nzima: ba, be, bi, bo, bu.

Kosa la pili ni m. Katika "mtu", "mti" na "mkate", m ni silabi peke yake na inapigiwa kofi lake: m-ka-te, makofi matatu. Mtoto akisoma "mukate", usimkemee. Mpe kadi ya m peke yake, afumbe midomo na kuvuta sauti, kisha aongeze ka-te. Lakini katika "mbuzi" m imeungana na b: mbu-zi, makofi mawili. Na "mbu" yule mdudu ni m-bu, makofi mawili pia. Jizoezeni wenyewe kabla ya kusimama mbele ya watoto.

Hali kadhalika ng na ng'. Wekeni "ngoma" na "ng'ombe" kando kwa kando na mtoto aguse kile kikoma cha juu kwa kidole. Anayechanganya b na d, mpe b peke yake wiki nzima kabla ya kurudisha d. Kuzifundisha siku moja kunaongeza mkanganyiko.

Na usimalizie neno kwa niaba yake. Hesabu hadi tano kimoyomoyo. Akikwama, mfunikie neno kwa kidole uache silabi ya kwanza tu.

Hatua ya 6: Kupima tena

Baada ya wiki 4 pima tena, hamisha vikundi, na fanya hivyo tena wiki ya 8 na ya 12. Badili maneno ya kipimo, la sivyo watayakariri. Mpeni mwalimu wa darasa matokeo ya kila mtoto kwenye karatasi moja kabla hamjayatangaza popote.

Maswali ya wanachama

Tawi la Mwanza: Shikamooni dada zetu. Watoto wengi hapa nyumbani wanaongea Kisukuma, wanasoma "r" kama "l". Tuwahesabie kosa?

Marahaba. Hapana. Akiona "kura" akasema "kula", muulize maana yake kwa kumwonyesha picha au kwa sentensi. Akijua ni ya uchaguzi, amesoma. Hayo ni matamshi. Akidhani ni chakula, hapo kuna kazi. Wape dakika za kuzungumza kabla ya kusoma: onyesha picha, waieleze kwa Kisukuma, kisha mtafute pamoja maneno ya Kiswahili. Mtoto hawezi kulifumbua kwa macho neno ambalo hajawahi kulisikia.

Tawi la Moshi: Tuna mtoto anayesoma kila kitu bila kukwama, lakini ukimuuliza hajui kasoma nini.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, ndiyo maana mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima bila kuelewa. Msimpe kitabu kigumu zaidi, mpeni kifupi. Asome sentensi moja, afunike, aseme kwa maneno yake au aigize. Kabla ya kufungua ukurasa, akisie kitakachotokea. Maswali ya "nani" na "wapi" yasizidi yale ya "kwa nini".

Tawi la Dodoma: Wamejitokeza watoto wa darasa la sita wasiojua kusoma. Wanaona aibu kukaa na wadogo.

Watengeeni saa yao, hata dakika 45 baada ya wadogo kuondoka. Kadi ni zile zile, lakini maneno yawe ya umri wao: majina ya timu, bei za sokoni, ujumbe wa simu, mabango ya daladala. Msiwape hadithi za sungura. Kabla ya yote angalieni macho na masikio. Anayeshika kitabu karibu na pua au anayegeuza kichwa kusikia, mwambieni mwalimu na mzazi apelekwe hospitali.

Wanachama walioko London: Tumekusanya maboksi ya vitabu vya watoto vya Kiingereza. Tutume?

Tunashukuru kwa moyo huo, dada. Kwa kazi hii msitume. Watoto hawa wanasoma kwa Kiswahili, na gharama ya kusafirisha na kutoa mzigo bandarini inaweza kununua vitabu vya Kiswahili Dar es Salaam. Tumeni fedha kwa mweka hazina wa tawi, naye awape risiti na orodha ya majina ya vitabu.

Tawi la Tanga: Kuna mfadhili anataka kutupa vishikwambi. Vinafaa?

Mkoa wenu una historia yake. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili kwa watoto wa vijijini Tanga, na 2019 washindi walikuwa wawili, onebillion na Kitkit School. Programu za shindano hilo ni huria. Kabla ya kupokea, jueni nani anachaji, wapi vinalala usiku, na nani anatengeneza kioo kikivunjika. Mkikosa jibu la moja kati ya hayo, ombeni vitabu. Mkipokea, vitumike kwa kikundi cha silabi dakika 15 tu, na msimamizi abaki pale pale.

Tawi la Morogoro: Vitabu vikiazimwa nyumbani vinapotea. Tusitishe?

Msisitishe. Kati ya vitabu kumi, hesabuni kimoja kupotea au kuchanika kama matumizi ya kawaida na mkiweke kwenye bajeti. Kitabu kimoja kwa mtoto mmoja kwa wiki, kwenye mfuko wa kitambaa wenye namba. Msidai faini, mzazi akiogopa faini atamkataza mtoto kuazima. Kikichanika, mtoto akilete na vipande vyake, na mkigandishe pamoja kwa gundi yeye akishika ukurasa.