Kabla hujahamisha asembli ya SolidWorks

Katika SolidWorks, programu ya kuchora mashine kwa kompyuta, asembli ni faili linalounganisha vipande vya mashine. Kwa kawaida halibebi vipande vyenyewe, linabeba anwani zake: kipande fulani kiko kwenye folda fulani, kinakaa hapa, kimeshikana na kile kwa namna hii. Ukimtumia mtu faili moja la SLDASM, yaani la asembli, ukidhani umemtumia mashine nzima, akilifungua programu itamuuliza vipande viko wapi, naye hatakuwa na jibu.

Maandalizi yaanze kabla ya kuchora. Kazi moja, folda moja. Kipande ulicholetewa kwenye flashi kinakili kwanza ndani ya folda hiyo, ndipo ukiingize kwenye asembli. Vinginevyo siku flashi ikichomolewa, kipande kimekwenda nayo.

Majina nayo yapangwe mapema. Kama umefungua mashine ya kupukuchua mahindi yenye faili liitwalo "shafti", kisha ukafungua ya kukatia majani ya ng'ombe nayo ina "shafti" yake, ya pili inaweza kuchukua ile iliyokwisha funguliwa. Mimi naandika PM-014-shafti, na namba hairudiwi. Ukitaka kubadilisha jina baadaye, usibadilishe kwenye folda ya Windows kama unavyofanya kwa picha. Fungua asembli na mchoro wake wa karatasi kwanza, kisha ubadilishe ukiwa ndani ya programu, ili vyote viwili vipate jina jipya.

Panapohitaji umakini zaidi ni vipimo vinavyotegemeana. Tuseme umechora nyumba ya beringi ukiwa ndani ya asembli, tundu lake likafuata duara la beringi. Beringi ni 6205, kipenyo cha nje milimita 52, shafti 25. Mteja anataka shafti ya 30, unageuza saizi kuwa 6206, na tundu linapanuka lenyewe hadi 62. Ni raha kweli. Lakini kama nyumba hiyohiyo inatumika kwenye mashine nyingine yenye 6205, huko nako tundu limekuwa 62 na beringi inacheza ndani yake, wala hukuigusa mashine hiyo. Kabla ya kukabidhi, pitia orodha ya vipande utafute kialama cha mshale "->" baada ya jina. Hicho ndicho kinachokuambia kipande kinafuata kingine. Funga uhusiano huo kwa Lock All, ambayo unaweza kuifungua tena. Break All inakata kabisa, na mimi siigusi.

Bolti ziliwahi kuniaibisha. Nilituma fremu kwa karakana moja, kwangu bolti ni M10 safi, kwao zikafunguka nene kuliko bomba zilizoshika. Zilikuwa za Toolbox, maktaba ya bolti na vipande vya kawaida ndani ya SolidWorks, na kompyuta yao haikuwa na saizi nilizochagua. Tangu hapo nikitumia Pack and Go, amri inayokusanya asembli na mafaili yake yote kuwa nakala moja, natia alama kwenye kisanduku cha kujumuisha vipande vya Toolbox, na cha michoro ya karatasi pia, maana huwa inasahaulika.

Muulize anayepokea ana toleo gani. Asembli iliyohifadhiwa kwenye toleo la 2023 haifunguki kwenye la 2020. Faili la STEP, aina inayosomwa na programu nyingi za kuchora, litampa umbo la mashine, ila hatua zako za kuchora hatazipata.

Mwisho, jaribu nakala uliyotengeneza. Kuifungua tu kwenye kompyuta yako hakutoshi, kwa kuwa programu inaweza kuvipata vipande kwenye folda ya zamani ukadhani kila kitu kimo. Badilisha kwa muda jina la folda ya asili, fungua nakala, kisha ingia Find References usome njia za mafaili mstari kwa mstari. Ukikuta hata moja inaelekea kwenye flashi au folda nyingine, rudia Pack and Go.