Dashibodi ikisema 205, we hesabu mwenyewe

Agosti iliyopita nilimpeleka mamangu harusini Kilifi, masufuria mawili ya biriani kwenye buti. Leaf yangu, gari la umeme la Nissan, ilikuwa imejaa chaji, dashibodi inaonyesha imebakisha kilomita 205. Kutoka kwangu Nyali hadi Kilifi ni kama 60. Tulipofika, zilizobaki zilikuwa 98. Yaani kilomita 60 za barabara zimekula 107 za dashibodi! Wakati wa kurudi nikashikwa na hofu, nikazima AC tangu Takaungu, na mama akauliza, "Mwanangu, watuoka huku nyuma?"

Tulifika nyumbani na asilimia 27. Jasho la bure.

Ile namba gari huikisia kwa jinsi ulivyoendesha siku za karibuni. Mimi wiki nzima nilikuwa nikitambaa kwenye foleni ya Kongowea na daraja la Nyali, na gari la umeme likitambaa halili kitu. Likadhani barabara ya Malindi ni foleni vilevile. Ukifika kilomita 100 kwa saa, upepo unaosukumana na gari ndio unaomaliza chaji.

Wala usishike namba ya muuzaji. Leaf yenye betri ya kWh 40 (ndio ukubwa wa betri), gari lilelile, chaji moja: kipimo cha Japani cha JC08 kiliipa kilomita 400, cha Ulaya cha WLTP 270, cha Marekani cha EPA 243. Gari limetoka Japani, basi utatajiwa ipi? Tena betri yake haipozwi kwa maji, na joto letu unalijua. Hesabu vile vijiti vya uhai wa betri: likiwa jipya ni 12. Langu lina 10.

Fanya hivi. Weka dashibodi ionyeshe asilimia, sahau kilomita. Jaza chaji, pima upepo wa tairi, rudisha tripu, ile hesabu ya kilomita za safari, kwenye sifuri, kisha uende safari yako ya kawaida na AC yako ya kawaida. Usijipendeleze. Ukifika, gawa kilomita ulizokwenda kwa asilimia zilizoliwa. Kilifi nilikula 38, kwa hivyo 60 kwa 38 ni karibu 1.6 kwa kila asilimia moja. Mjini napata 2. Tumia angalau asilimia 30 kupima. Ukipima kwa tano, kosa dogo la dashibodi litaharibu hesabu yote.

Halafu weka asilimia 20 kando, usiziguse. Zinabaki 80, mara 1.6, ni kilomita 128. Kilifi kwenda na kurudi naenda nimetulia. Malindi siendi mpaka nijue nitachaji wapi hukohuko.

Mariakani ipime kwenda peke yake na kurudi peke yake. Kuanzia Miritini unapanda, na asilimia zitashuka mpaka uogope. Ukirudi weka gia ya B, mteremko utakurudishia kiasi. Foleni ya feri Likoni isikutishe, saa nzima na AC inakula asilimia chache tu.

Na andika mwezi uliopima. Ile 1.6 niliipata wakati wa kusi, upepo uko mgongoni. Januari, kaskazi ikipiga usoni, barabara ileile ilinipa 1.5. Hiyo ndiyo niliyoiandika kwenye simu.