Kuongeza daunriga mbili kwenye boti ya kurambaza: somo na maswali ya wanachama

Baadhi ya boti za faiba zinazorambaza, yaani zinazovua kwa kuburuta chambo nyuma ya boti, kati ya Dar es Salaam na Unguja zina daunriga mbili, moja kila kona ya tezi. Mwenye boti akishaona nguru wakipanda kutoka mita 20 ilhali mishipi ya juu haijaguswa tangu alfajiri, huanza kutamani mbili zaidi. Kwa asiyekifahamu kifaa hiki, daunriga ni winchi ndogo yenye mkono na kapi, inayoshusha chubwi la risasi la kilo 4 hadi 6. Mshipi wa rodi hushikwa na kibanio karibu na chubwi, na samaki akidaka chambo mshipi huchomoka, mvuvi akapambana naye bila ule uzito.

Ya tatu kwenye boti yangu niliifunga kwa bolti nne na washa za kawaida. Asubuhi moja ya kaskazi, nje ya Kunduchi, chubwi lilinasa kwenye mwamba, na ingawa tulikuwa tunakwenda polepole sana, kitako cha daunriga kiliinama kuelekea majini kabla sijaifikia breki. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui zilitanda kuzunguka kila bolti. Nilipofungua, tundu la kwanza lilitoa maji ya rangi ya chai, kwa sababu katikati ya tabaka mbili za faiba kulikuwa na mbao nyepesi iliyokwisha kulowa muda mrefu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu kitako na matundu yake.

Hatua ya kwanza: mahali. Mbili za zamani zibaki kwenye kona za tezi zikielekea nyuma, na mpya zifungwe ubavuni, mbele kidogo ya hizo, kwa mikono mirefu inayotoka nje ya boti. Kata kadibodi kwa umbo la kitako, iweke juu ya ukingo, kisha pinda injini hadi mwisho wake kushoto na kulia ukiangalia kama kamba itakuwa mbali na rafadha. Hakikisha pia kwamba mkono unaweza kukunjwa au kuzungushwa ndani, maana ukisogea gatini nao umetokeza, utavunjika.

Hatua ya pili: matundu na bamba la chini. Hapa usiharakishe. Toboa tundu dogo la majaribio na utazame unga unaotoka kwenye keekee: ukiwa mweupe mtupu, ukingo ni faiba nzima, ukiwa na chembe za mbao au sponji, ndani kuna kiini. Penye kiini, toboa tundu pana kuliko bolti, kwangua kiini pembeni, jaza gundi ya epoksi, iache ikauke kabisa, ndipo utoboe tena kwa kipimo cha bolti katikati ya epoksi hiyo. Kwa njia hii maji hayapati pa kuingilia, na bolti ikikazwa haiwezi kuuponda ukingo. Chini ya ukingo weka bamba la alumini au la faiba nene, kubwa kuliko kitako pande zote, ili mvuto ugawanyike. Tumia bolti za chuma cha pua cha daraja la 316 na nati zinazojifunga, upake silikoni ya baharini kuzunguka kila tundu. Kama kitako ni cha alumini, tenganisha na bolti kwa washa za nailoni, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Hatua ya tatu: umeme, kwa wenye mashine za umeme. Soma kwenye kibati cha mashine inavuta ampea ngapi, kisha chagua waya mnene wa shaba iliyopakwa bati. Kila daunriga iwe na fyuzi yake, iliyo karibu na betri, isizidi shibiri moja.

Hatua ya nne: breki na majaribio. Boti ikiwa imefungwa, ning'iniza chubwi, mtu mmoja avute kamba chini huku mwenzake ameweka kiganja juu ya ukingo. Ukihisi ukingo unacheza, rudi kwenye hatua ya pili. Breki ikazwe kiasi cha kulibeba chubwi na zaidi kidogo tu, ili likinasa kamba itoke yenyewe.

Hatua ya tano: mpangilio wa vina. Za tezi zishuke chini zaidi, za ubavuni zibaki juu yake kwa mita 4 au 5, na machubwi mazito yapewe zile za chini, kwa sababu kamba ndefu husukumwa nyuma zaidi na maji. Geuza boti kwa duara pana. Siku ya kwanza shusha tatu tu, mpaka mabaharia wako wazoee kwamba samaki akishika, chubwi la upande wake ndilo linalopandishwa kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Msasani anauliza: "Shikamoo mwalimu. Boti yangu ni ya futi 19, je, itabeba nne?"

Marahaba. Kwa ukubwa huo ningebaki na mbili, kisha nikaongeza kibanio cha pili kwenye kila kamba, mita 6 juu ya kile cha kwanza. Utapata mishipi minne bila kutoboa tundu hata moja.

Mwanachama wa Kigamboni anauliza: "Kaka, kamba ya waya au ya kusokotwa?"

Waya wa chuma cha pua huhimili kusuguana na mwamba, lakini hunguruma majini na ukipinda mara moja hukatika hapo hapo. Mimi nimehamia kwenye ya kusokotwa, na kila jioni naiosha kwa maji baridi.

Mwanachama wa Mbezi Beach anauliza: "Kaunta inaonyesha mita 30, mbona samaki wa mita 30 hawagusi?"

Kaunta hupima kamba iliyotoka, haipimi kina. Kamba ikilala nyuzi 30 kutoka wima, chubwi lako liko mita 26. Ikilala nyuzi 45, liko mita 21. Punguza mwendo au ongeza uzito.

Mwanachama wa Kunduchi anauliza: "Tunaruhusiwa kurambaza karibu na kisiwa cha Mbudya?"

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na ndani ya mipaka yake havuliwi samaki. Pandisha machubwi yote kabla hujaifikia mipaka hiyo, kwa sababu chubwi la kilo 5 likiburutwa juu ya matumbawe huvunja kilichochukua miaka mingi kuota.