Amani: fikicha jani, nusa

Ukipanda Amani, Usambara Mashariki juu ya Muheza, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, usitegemee macho peke yake. Okota jani lililoanguka karibuni, lifikiche kwa vidole, nusa. Mafuta yenye harufu yamefungiwa ndani ya jani, likivunjika, yanatoka. Mdalasini na mkarafumaiti ni ndugu na majani yao yanakaribiana, lakini pua inawatenganisha papo hapo: mmoja unanukia chai, mwingine sanda. Jani lililokaukia chini siku nyingi halikuambii kitu. Baada ya majani manne matano pua nayo huchoka, ipumzishe kidogo. Lenye utomvu mweupe liache, na usichume mtini.