Ukiwa na siku moja tu Kigoma, anzia stesheni

Wadau mkija Kigoma na mnataka kuona mambo ya vita ya kwanza ya dunia, anzeni asubuhi stesheni ya reli, jengo la Mjerumani lile bado linapendeza sana, halafu shukeni bandarini mkaulizie meli ya MV Liemba, ila ongeeni na mlinzi getini kabla hamjatoa simu kupiga picha. Meli hiyo Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, na injini wakazipaka grisi nzito kwanza, ndo maana Waingereza walivyoiibua 1924 ikaweza kurudi kazini 1927. Hapo msiharakishe kabisa! Mchana pandeni daladala za Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone chukueni mwongozaji wa palepale, anaelezea vizuri.